Mtunzi wa nyimbo achukue pesa mkononi ama asilimia? Tujadili bila matusi

KALAMU YA KAYOLE: Naanza na msimamo wangu ndio mnipige mawe mapema. Mtunzi hapa Nairobi akiuza wimbo kwa pesa ya mara moja bila kuandikiana anajimaliza mwenyewe, na asilimia hata ikiwa ndogo ni bora kuliko elfu kumi ya leo. Sheria yetu ya hakimiliki ya 2001 ina kifungu cha 31 ambacho wengi wetu hatujisumbui kusoma: mtu akikuagiza umfanyie kazi na wewe si mwajiriwa wake, hakimiliki inahesabiwa imeenda kwake aliyekuagiza, isipokuwa mlikubaliana vingine. Yaani msanii akikupigia simu "niandikie kitu ya harusi", ukaandika ukamtumia, basi wewe ni fundi tu na wimbo ni wake. Lakini kama wimbo ulikuwa tayari kwa daftari yako akaja akaupenda, hapo unaingia kifungu cha 33, hakimiliki haihami mpaka uweke sahihi kwa maandishi, hata kama pesa ameshatuma kwa M-Pesa. Pesa ni ileile, wimbo ni uleule, tofauti ni nani alianza kuongea. Na hakimiliki yenyewe inaishi maisha yako yote na miaka 50 baada ya wewe kuzikwa, sasa hesabu hiyo elfu kumi imenunua nini.

MSANII RONGAI: Buda hapo umeongea kama mtu hajawahi lipa studio. Mimi ndio nalipa prodyuza, nalipa video, nazunguka na madijei nikibembeleza, na wimbo ukianguka hakuna mtunzi anakuja kunirudishia hata nauli. Ukitaka asilimia ya faida ingia pia kwa hasara.

MAMA MISTARI: Kalamu nakuheshimu lakini asilimia ya nini hasa? Landilodi wa hapa Umoja hajui habari ya miaka 50, anajua tarehe tano. Mmesahau 2019 MCSK, chama cha kukusanyia watunzi pesa nyimbo zikichezwa, ilivyogawia wanachama sh 2,530 kila mmoja, aliyechezwa redio zote na ambaye wimbo wake haujulikani hata na mamake? Halafu 2021 KECOBO, bodi ya serikali ya hakimiliki, ikavipokonya leseni vyama vyote vitatu vya kukusanya, MCSK, KAMP ya wenye rekodi na PRISK ya waimbaji na wapigaji, na kelele ya nani ana haki ya kukusanya pesa haijawahi isha kabisa. Mimi nachukua zangu taslimu, nalipa nyumba, naandika mwingine. Kichwa yangu haijakauka.

KALAMU YA KAYOLE: Dada Mistari, hiyo ya 2,530 haina mtu anaweza itetea, ilikuwa aibu. Lakini angalia Skiza, ile huduma ya Safaricom unasikia wimbo ukimpigia mtu simu. Mabadiliko ya sheria ya 2022 yaliweka kwamba isiyopungua asilimia 52 ya pesa ya milio ya simu iende kwa msanii ama mwenye hakimiliki, kampuni ya simu ibaki na 39.5 na yule wa katikati 8.5. Sasa soma hilo neno "ama". Kama jina lako haliko mahali popote, hiyo 52 yote inaenda kwa aliyesajili wimbo na wewe unasikia mistari yako kwa simu ya jirani. Ukiuza kabisa hauna hata mlango wa kubisha.

BITI NA BESI: Mimi ni prodyuza na naona mnachanganya vitu viwili. Kuna utunzi, yaani maneno na melodi, na kuna rekodi, ile masta. Pesa ambayo distributa, yaani kampuni ya kusambaza nyimbo mtandaoni, anatuma kutoka Spotify na wenzake ni ya rekodi na inaenda kwa aliyepandisha wimbo, ya utunzi inapita njia nyingine, kwa chama ama pablisha, yule anayesimamia haki za utunzi. Kwa hivyo mtunzi akiitisha "asilimia" bila kusema ya upande gani anaitisha hewa. Na msitegemee sana hizo strimu, yaani wimbo kusikizwa mtandaoni, tangu 2024 Spotify hailipi pesa ya rekodi kwa wimbo ambao haujafikisha strimu 1,000 kwa miezi 12, na nyimbo nyingi za mtaa hazifiki huko.

MSANII RONGAI: Asante prodyuza. Sasa mimi nigawane nini kwa wimbo wa strimu 700?

KALAMU YA KAYOLE: Gawana haki, pesa itajulikana mbele. Mimi sisemi mtu alale njaa akingoja chama. Chukua pesa, hata kidogo kuliko bei yako, lakini kabla hujaandika mstari wa kwanza tuma meseji: "nakuandikia kwa elfu tano, utunzi unabaki wangu nusu". Akijibu sawa umeshaweka makubaliano, kifungu cha 31 kinaongea juu ya makubaliano tu, sio mpaka wakili wa Upper Hill. Ukingoja wimbo uvume ndio uanze kuongea, huyo ameshabadilisha namba.

MAMA MISTARI: Na akikataa? Maana kuna vijana kumi nyuma yangu wataandika kwa elfu mbili bila meseji yoyote.

KALAMU YA KAYOLE: Hapo ndio shida iko dada, sikatai. Bei tunaiharibu sisi wenyewe.

MSANII RONGAI: Haya mimi nitatoa ofa hapa mbele ya watu. Asilimia 20 ya utunzi, na hakuna pesa ya mbele.

MAMA MISTARI: Ishirini ya maneno yangu mwenyewe? Na hizo 80 uliandika wapi?