Nyutro inachemka kuliko fezi kwenye DB ya ofisi, tatizo nini?

FundiKijana
Habari zenu wakuu. Mi nimezoea wiring ya nyumba, sasa nimepata kazi kwenye jengo la ofisi na kuna kitu kinanichanganya. DB (boksi la kugawa umeme) ya ghorofa ya pili inalishwa na kebo ya fezi tatu, volti 400 fezi kwa fezi na 230 fezi kwa nyutro (waya wa kurudi), hapo niko sawa. Nikapima na klampu mita (ile ya kubana waya), fezi tatu L1 mpaka L3: L1 ampea 62, L2 55, L3 58, nyutro 71! Ukisogeza mkono karibu na terminali yake unasikia joto, na plastiki ya waya imeanza kuwa kahawia. Si tulifundishwa fezi zikibalansi nyutro haibebi kitu? Bosi anataka nibadilishe breka lakini hakuna hata moja inayotrip. Ghorofa nzima ni kompyuta na taa za LED.

Volti230
Ulichofundishwa ni kweli, ila ni kwa mzigo kama hita na balbu za zamani. Fezi tatu zinapishana digrii 120 kwa hiyo zikikutana kwenye nyutro zinafutana, na kwa namba zako kingebaki kama ampea 6 tu. Sasa kompyuta na LED hazivuti umeme taratibu kwenye wimbi zima, zinadonoa pale kileleni tu, na huko kudonoa ndo kunazaa harmoniki, yaani mawimbi ya ziada yenye hezi mara mbili, mara tatu na kuendelea ya umeme wa kawaida. Ya tatu ndo mbaya: kwa umeme wa hezi 50 yenyewe iko hezi 150, na ukizidisha digrii 120 mara tatu unapata 360, duara zima, maana yake harmoniki za fezi zote zinafika kwenye nyutro pamoja na zinajumlishana badala ya kufutana. Hata ukae siku nzima unahamisha saketi uzibalansi, hiyo haiondoki. Nyutro inaweza kufika karibu mara 1.7 ya fezi. Hebu cheki saizi ya nyutro ya hiyo kebo, na mita yako ina maandishi ya True RMS, yaani inasoma sawasawa hata wimbi lililopinda? Kama haina, huenda mzigo halisi ni mkubwa kuliko ulivyosoma.

FundiKijana
Duh. Mita ni True RMS. Waya wa fezi ni 16 mm², nyutro 10!

MamaWaya
Basi umeshapata jibu mdogo wangu. Zamani walikuwa wanapunguza nyutro wakijua haibebi kitu, na breka yako ya poli tatu (inashika fezi tatu tu) haiioni nyutro kabisa, itaungua huku breka imetulia. Mwambie bosi hivyohivyo.

Ila nakuomba sana, USIIGUSE HIYO TERMINALI MZIGO UKIWA UNATEMBEA, hata kwa kuikaza tu. Nyutro ya fezi tatu ikiachia, ile 230 haina tena pa kushika, fezi yenye mzigo mdogo volti zinapanda kuelekea 400 na ile yenye mzigo mkubwa zinashuka, kompyuta zinaungua kwa mkupuo. Zima breka ya kulisha hiyo DB, funga kwa kufuli, pima kila fezi kwa nyutro na kwa ethi uhakikishe hakuna umeme, ndo ufungue.

Volti230
Naunga mkono. Waya uliobadilika rangi usiukate ncha ukaurudisha, vuta kebo mpya. Nyutro isiwe ndogo kuliko fezi, na kwa ampea 71 mimi ningeweka 25 mm² kote, ila piga hesabu na urefu wa njia na kama kebo imebanana na nyingine kwenye trei. Breka iwe ya poli nne yenye ulinzi wa nyutro. Ukimaliza shuka kwenye swichibodi kuu upime nyutro ya pale pia, maana ghorofa zote zinamwagia hukohuko na inawezekana nayo ni nyembamba vilevile.