Masoko ya Krismasi Ujerumani kwa treni, nikiwa na mama mzee: nianzie wapi?

Mwalimu wa Shangani

Habari za jioni wadau. Mimi ni mwalimu wa sekondari, Mtwara mjini. Shule zikifungwa Desemba nasafiri na mama yangu mzazi kwenda Ujerumani kwa mdogo wangu, ni muuguzi, anaishi Augsburg. Viza tumepata, ndege imeshalipiwa. Tunafika mwanzoni mwa wiki ya pili ya Desemba, tunarudi baada ya mwaka mpya.

Mdogo wangu anaingia zamu, kwa hiyo siku nyingi tutabaki mimi na mama, na mama si mtu wa kushinda ndani. Nimepanga tuzunguke kwa treni kwenye yale masoko ya Krismasi. Nimeandika orodha: Nürnberg, München, Dresden, Köln, Strasbourg, Salzburg. Nikamtumia mdogo wangu picha ya daftari, akacheka tu, hakusema kitu.

Treni siijui. Huku kwetu reli iliyokuwepo ni ile ya karanga ya Nachingwea, ilijengwa enzi za Mwingereza na ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Marehemu babu alikuwa kibarua kwenye reli hiyo, mama ameibakiza kwenye hadithi tu. Mimi nimepanda treni ya mchongoko ya SGR, Dar hadi Dodoma: kitambulisho mkononi, mzigo kwenye mashine, kiti chenye namba, na unawahi stesheni mapema. Huko nako ni hivyo hivyo? Tiketi zinakatwa lini? Na baridi ile mtu wa miaka 68 mwenye magoti mabovu ataiweza kweli?

Halafu mama ana ombi lake moja, na kwa hilo hataki mjadala. Anataka kufika St. Ottilien, ile abasia ya wamisionari Wabenediktini. Alizaliwa hospitali ya Ndanda na masista wa pale ndio waliomfundisha cherehani. Anasema hawezi kufika nchi ya wale watu akaishia kuangalia taa.

Mmwera wa Ndanda

Mwalimu, kwanza nifikishie shikamoo kwa mama. Mimi ni mtoto wa Ndanda, ufundi umeme nilijifunzia pale pale, sasa nafanya kazi Bavaria, jimbo ambalo Augsburg imo, na treni za mkoa ndizo zinazonipeleka kazini kila siku.

Mdogo wako kacheka kwa sababu hiyo orodha ni ya mtu mwenye helikopta. Dresden, Köln na Strasbourg futa. Hata kwa treni ya kasi ni saa kadhaa kwenda tu, na Desemba giza linaingia mapema. Kaeni Bavaria, laleni kwa mdogo wako kila usiku, asubuhi mnatoka, jioni mnarudi. Augsburg imekaa pazuri sana kwa mpango huo.

Stesheni sahau habari za SGR. Hakuna geti, hakuna wa kukupekua, unatoka mtaani unaingia mpaka treni inaposimama. Mkaguzi anapita ndani ya behewa mkiwa njiani, akikukuta huna tiketi faini ni euro 60, na "mimi mgeni" haisaidii. Treni za mkoa zinaandikwa RE au RB, hazina kiti cha namba, ukiona nafasi kaa. Treni ya kasi inaandikwa ICE. Hiyo ina tiketi zake, na zile za bei rahisi zinakufunga na treni moja tu, ukiikosa imekula kwako. Kwa safari zenu hamuihitaji.

Saa zao ni za saa 24, kwa hiyo mfundishe mama mapema. Ikiandikwa 15:04 ni saa tisa na dakika nne alasiri yetu. Na hiyo nne ni nne kweli, milango inafungwa kabla yake.

Lakini pia usidanganywe kwamba treni za Mjerumani hazichelewi. Mwaka 2024 treni za masafa marefu za Deutsche Bahn, shirika lao la reli, zilizofika kwa wakati zilikuwa asilimia 62.5, na hapo wanaanza kuhesabu kuchelewa zikifika dakika sita. Wajerumani wenyewe wanalalamika kuliko sisi. Weka programu ya DB Navigator kwenye simu, itakuonyesha namba ya njia, na njia ikibadilishwa itakwambia. Kitu kingine ambacho wageni hawakijui: baadhi ya treni za mkoa zinakatwa njiani, mabehewa ya mbele yanakwenda mji mmoja, ya nyuma mji mwingine. Soma kibao cha behewa lako kabla ya kupanda, usifuate kundi la watu.

Tiketi sasa, maana hapa ndipo pesa ilipo. Kuna Bayern-Ticket, ya siku moja, kwa treni zote za mkoa na mabasi na tramu za mijini Bavaria. Mnasafiri hadi watu watano kwa tiketi moja, mtu wa kwanza analipa bei kubwa, wanaoongezeka wanaongeza kidogo. Jumatatu hadi Ijumaa inaanza kufanya kazi saa tatu asubuhi, wikiendi tangu usiku wa manane, na mwisho wake ni saa tisa usiku wa kuamkia kesho yake. Majina yenu yaandikwe juu yake.

Ya pili ni Deutschlandticket, ya mwezi, nchi nzima, treni za mkoa na mabasi na tramu za mijini, ICE hapana. Mwaka 2025 ilikuwa euro 58, tangu Januari 2026 ni 63. Kila mtu na yake. Mtego wake ni kwamba inajilipia yenyewe kila mwezi mpaka uikatishe, na kwa kawaida kuikatisha ni kabla ya tarehe 10 ya mwezi huo. Nyie mnafika karibu na tarehe hiyo hiyo, kwa hiyo mdogo wako awakatie mapema na aikatishe mapema, la sivyo mtalipia na Januari mkiwa mmesharudi Mtwara mnasahihisha madaftari. Kama mtatoka siku tatu tu, chukueni Bayern-Ticket. Mkitoka kila mara, ya mwezi.

Kuhusu kwenda wapi, anzeni na hapo hapo Augsburg. Soko liko mbele ya jumba la halmashauri, na Ijumaa, Jumamosi na Jumapili jioni madirisha ya jumba lile yanafunguka, wanatokea watu waliovaa kama malaika na vyombo vyao vya muziki. Mama ataona hata kama amesimama nyuma. Siku nyingine Ulm, ni karibu, na ingawa mji ule umevuka mpaka wa Bavaria, Bayern-Ticket inafika mpaka stesheni yake. Soko liko chini ya kanisa lenye mnara wa mita 161. Kanisa la Kilutheri hilo, mwambie mama asitafute maji ya baraka mlangoni.

Nürnberg ndiyo siku ndefu, kama saa mbili kwa treni ya mkoa. Nendeni katikati ya wiki. Kutoka stesheni mpaka soko ni kutembea, njia ya kawaida isiyo na mlima. Mabanda ya mbao yana vitambaa vya mistari myekundu na myeupe, na kila baada ya miaka miwili mji unachagua binti wa kuwa Christkind, mwenye nywele za dhahabu na taji, ndiye anayelifungua soko kutoka roshani ya kanisa. Hilo la ufunguzi mtalikosa, ni Ijumaa ya kabla ya Majilio kuanza, yale majuma ya kuingojea Krismasi. Kula soseji zao ndogo, tatu kwenye mkate mmoja.

La mwisho, na msilipuuze. Haya ni masoko ya Majilio. Tarehe 24 mchana Nürnberg inafunga, mengine yanafunga 22 au 23. Kwetu shamrashamra inaanza mkesha, kwao jioni ile mtaa unakuwa mtupu, hata maduka yanafungwa. Mkisema mtazunguka baada ya sikukuu mtakuta mafundi wanabomoa mabanda.

Ottilien naiandikia peke yake baadaye, naingia kazini.

Mitumba Lindi

Mwalimu usinunue koti Ulaya. Huku Kusini koti zito halina mnunuzi zaidi ya bodaboda, belo likifunguliwa yanabaki chini kabisa na bei yake ni ya kuondoa uzito. Pitia mapema asubuhi, tafuta refu linalofunika magoti ya mama, zipu ujaribu mwenyewe mara mbili. Viatu nunua namba moja zaidi ili soksi mbili ziingie, soli ya mpira yenye meno. Kofia ya kufunika masikio. Khanga mbili juu ya koti hazimkatazi mtu, ila kwenye ngazi za treni azikunje.

Bi Mikindani

Assalaam alaykum na habari za wote. Nimeishi Köln miaka mingi kabla ya kurudi nyumbani, naongeza ya upande wa tumbo kwa sababu kaka wa Ndanda kaishia kwenye soseji, na soseji hizo ni za nguruwe.

Muislamu au mtu yeyote asiyekula nguruwe hafi njaa kule. Kuna chapati nyembamba za viazi vilivyokunwa, zinakaangwa kwenye mafuta mengi na kuliwa na rojo la tufaha. Uliza tu kama hakuna nyama ndani. Kuna lozi zilizokaangwa na sukari mpaka zikagandiana, harufu yake unaipata kabla hujaliona banda. Na siku hizi wanakaanga korosho vivyo hivyo! Wanauza kwa gramu mia, kwenye kikaratasi kilichosokotwa. Bei yake usimwambie mkulima wa Tandahimba, atasusia mnada.

Kinywaji kinachotoa moshi kwenye kila mkono ni divai ya moto yenye mdalasini na karafuu, Glühwein. Asiyekunywa pombe aseme Kinderpunsch, ni maji ya matunda yenye viungo vile vile. Kikombe ni cha udongo, na bei unayolipa ina amana ya kikombe ndani yake. Ukikirudisha unarudishiwa, ukikipenda unaondoka nacho, hakuna atakayekufuata. Wageni wengi wanafikiri wameibiwa kwa sababu bei ya ubaoni na waliyolipa hazilingani.

Beba sarafu. Vyoo vya stesheni kubwa ni vya kulipia, na mabanda mengine hayataki kadi.

Namuunga mkono kaka kwamba Köln ni mbali kwenu, ingawa mlango wa stesheni ukitoka tu kanisa kuu liko usoni na soko liko ubavuni mwake, kwa mtu wa magoti hakuna rahisi kama lile. Ila msiende asubuhi mkarudi mchana. Soko bila taa ni mabanda tu. Jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni, kwa hiyo fikeni saa nane, mzunguke kukiwa kweupe, mwone taa zinavyowaka, na saa kumi na moja watu wakitoka makazini mnakuwa mnaelekea stesheni. Ijumaa na Jumamosi jioni hapana, ni kubanana mabega na kikombe cha moto mkononi.

Mwalimu wa Shangani

Asanteni sana, mama nimemsomea yote. Kwenye korosho amesema "hao wezi", kisha akauliza bei.

Dresden, Köln na Strasbourg nimezifuta. Salzburg je, si ni Austria? Na usalama ukoje, maana tumesikia habari za magari kuingia kwenye watu.

Mmwera wa Ndanda

Salzburg inafikika, Bayern-Ticket na ile ya mwezi zote zinakubalika mpaka stesheni kuu ya pale, lakini kutoka Augsburg mnabadilisha treni München na siku nzima inaisha. Mkiamua, pasipoti halisi ziwe kwenye begi, polisi wanapanda mpakani. Mimi ningemwonea huruma mama, niende München tu. Ni dakika 45 hivi, kisha treni ya chini ya ardhi vituo viwili, mnatokea Marienplatz katikati ya soko.

Usalama: baada ya Berlin 2016 na Magdeburg 2024 njia za kuingilia zimewekewa vizuizi vya zege na polisi wapo. Msibebe begi kubwa, wanaweza kulikagua. Mkisimama, simameni pembeni ya banda, si katikati ya njia.

Sasa Ottilien. Kutoka Augsburg kuna treni ndogo ya kwenda Weilheim, inasimama St. Ottilien yenyewe, kituo kinachofuata baada ya Geltendorf. Ni kituo kidogo cha kuombwa, mnabonyeza kitufe ndani ya behewa, msipobonyeza inapita. Abasia mnaifikia kwa miguu. Pana jumba la makumbusho la misheni lenye vitu vilivyotoka Afrika Mashariki, mama atavitambua vingine kabla ya wewe kusoma maandishi. Angalieni siku zake za kufunguliwa kabla ya kutoka.

Ila nimrekebishe mama kwa heshima. Watawa wanaume waliofungua Ndanda mwaka 1906 ndio wa Ottilien. Masista waliomfundisha cherehani ni wa Tutzing, nyumba yao kuu ilihamia huko mwaka 1904. Tutzing iko kando ya ziwa Starnberg, treni ya S6 kutoka München.

Mwalimu wa Shangani

Kaka umeniongezea kazi. Nimemwambia mama, amenyamaza kidogo, halafu akasema basi ni siku mbili, moja ya mabruda na moja ya masista. Nürnberg amesema kama kutakuwa na muda.

Kwa hiyo mdogo wangu anakata ile ya mwezi, mbili, na ataikatisha kabla ya tarehe 10. Augsburg jioni ya Ijumaa tukishapumzika, Ottilien wiki inayofuata, Tutzing na München siku moja kwa sababu ziko njia moja, Ulm ikibidi. Salzburg nimefuta. Swali la mwisho kaka: kule Tutzing mtu anabisha hodi tu, au tuandike barua kwanza?

Mmwera wa Ndanda

Andikeni kwanza, kwa Kijerumani, mdogo wako asaidie. Mtaje Ndanda na miaka aliyojifunza mama kwenye mistari ya mwanzo.