Mliowahi kuambiwa "ini lako lina mafuta", tupeane uzoefu

Fundi Bomba: Wakuu, leo maabara nimemkuta kijana anagombana na nesi, amekuja kupimwa mafuta ya damu huku amekunywa chai ya maziwa. Nikakumbuka yangu. Nilienda altrasaundi kutafuta mawe ya figo, yule dada akazungusha kifaa chake, kimya, halafu: "Kaka, unakunywa?" Nikamwambia mimi swala tano. Akasema ini linang'aa. Nikafurahi! Kumbe kwenye picha ile kung'aa ndiyo mafuta yenyewe. Damu nayo: triglisaridi, yaani mafuta yanayozunguka kwenye damu, 312, inatakiwa chini ya 150. Nani mwingine?

Mama Pili: Mimi hapa. Soda ndiyo iliyoniponza.

Kibonge wa Tandika: Swala tano sawa, ila Jumamosi je?

Fundi Bomba: Soma kwanza ndiyo urukie.

Dereva wa Masafa: Mnacheka. Yangu ilikuwa 1,840. Nina mzigo wa Tunduma, njiani ni soda tu ili nisisinzie, usiku chipsi mayai. Kabla ya Makambako tumbo la juu likanishika, maumivu yanatokea mgongoni kama mtu anakaza spana. Natapika dirishani. Utingo akashika usukani mpaka hospitali. Damu yangu ilipotulia kwenye kichupa, juu ikawa nyeupe kama maziwa, kijana wa maabara akaita wenzake waje waone. Mimi najikunja kitandani, wao wanashangaa kichupa! Kongosho limevimba. Siku nne dripu, sijaonja hata uji. Daktari akaniambia sukari ikizidi matumizi, ini linaigeuza mafuta, mengine linayatunza humo humo, mengine linayamwaga kwenye damu. Nikamwelewa: ini ni depo, damu ni barabara. Depo ikijaa, foleni mpaka nje.

Mama Pili: Yesu wangu. Nyeupe kabisa?

Dereva wa Masafa: Kabisa, dada.

Mzee wa Mizizi: Maji moto na ndimu alfajiri, siku 21, yote yanayeyuka.

Nesi Mstaafu: Ndimu haiyeyushi mafuta ya ini, baba. Usiwadanganye watu.

Mzee wa Mizizi: Ninyi mnataka tumeze vidonge tu.

Nesi Mstaafu: Nimekutajia kidonge gani?

Msuli Mkavu: Mimi kilo 58 na ninalo. Msidhani ni la vibonge peke yao.

Kibonge wa Tandika: Asante kwa kututetea.

Binti Tanga: Mimi niliambiwa niache nazi. Sasa wali nitaula na nini?

Msuli Mkavu: Mimi niliambiwa nazi kidogo sawa, nipunguze huo wali.

Mama Pili: Na mimi kahawa, bila sukari. Chungu hiyo!

Binti Tanga: Eti vidonge vya kolesteroli vinaua ini? Nimeviacha wiki ya pili.

Nesi Mstaafu: Rudi kwa aliyekuandikia, mwanangu. Mafuta kwenye ini si sababu ya kuviacha, na moyo wako unavihitaji.

Fundi Bomba: Mimi nilitoka kilo 91 mpaka 83, miezi kumi, kwa mguu kwenda na kurudi kazini na soda basi. Triglisaridi 168. Ini bado linang'aa kidogo.

Kibonge wa Tandika: Dereva, hujamaliza. Mzigo ulifika?

Dereva wa Masafa: Ulifika. Utingo aliupeleka. Tajiri akampenda, gari analo yeye mpaka leo.

Kibonge wa Tandika: Na soda zako?

Dereva wa Masafa: Nazo kachukua.