Maonyesho ya utumwa wa Wafaransa kwa watoto wa Malindi: niweke vitu gani mezani?

BintiWaShella_Malindi

Assalaam alaikum wanabaraza, habari zenu nyote. Nasaidia klabu ya historia ya skuli moja hapa Malindi, na muhula ujao tunaandaa maonyesho madogo ukumbini kuhusu utumwa wa makoloni ya Ufaransa. Tumechagua Ufaransa makusudi, manake watoto wetu utumwa wanaoujua ni ule wa soko la Zanzibar na ule wa mashamba ya pamba Marekani, hapa katikati kwenye bahari yetu hii hii, visiwa vya Réunion na Mauritius ambavyo Wafaransa waliviita Bourbon na Île de France, hawajui lolote, na huko ndiko walikopelekwa watu wengi sana wa upande wetu huu kwenda kulima kahawa na miwa.

Nimekusanya picha za vitu vya makumbusho na nimezichapisha kubwa kubwa. Shida ni kwamba karibu zote ni minyororo na pingu. Alafu kuna ile picha ya Nantes, bandari ya Ufaransa, ya meli ya watumwa La Marie-Séraphique, imechorwa kwa rangi za maji karne ya 18, inaonyesha ndani ya meli watu zaidi ya 300 wamelazwa ubavu kwa ubavu mpaka hakuna pa kuweka mguu. Mtoto mmoja akaitazama weeee, alafu akaniuliza, "Ticha, na hawa wenyewe walikuwa wanajua kufanya nini?" Sikuwa na picha hata moja ya kumjibu. Sasa naomba msaada, kuna vitu gani makumbusho vinavyoonyesha watu wenyewe, kazi zao, akili zao, ngoma zao? Na hii minyororo niiondoe kabisa ama?

Nahodha_Amu

Waalaikum salaam dada. Swali la huyo mtoto ni zito na jibu lake lipo. Tafuta picha za bakuli za Tromelin.

Tromelin ni kisiwa kidogo mno, kama kilomita moja ya mraba tu, mchanga na matumbawe, kiko mashariki ya Madagascar. Mwaka 1761 meli ya Kifaransa L'Utile ilipakia Wamalagasi kama 160 kwa magendo, nahodha alikuwa amekatazwa kuchukua watumwa lakini tamaa ilimzidi, akapita usiku akapanda mwamba meli ikavunjika. Wale Wamalagasi wengi walikufa humo humo ndani. Waliobaki wakasaidia mabaharia kuunda chombo kwa mbao za ile meli, chombo kilipokuwa tayari mabaharia Wafaransa wakapanda wao, wakawaambia tutarudi kuwachukua. Hawakurudi. Miaka kumi na tano! Mpaka Novemba 1776 ndo meli nyengine ikafika ikakuta wanawake saba na mtoto wa miezi minane, basi.

Sasa sikiza hapa ndo pa kumwonyesha mtoto. Kuanzia 2006 waakiolojia wa Kifaransa wakiongozwa na Max Guérout wamechimba pale, wakakuta bakuli za shaba nyekundu zilizotoka kwenye meli, zimetoboka zikatiwa kiraka, kiraka nacho kimechoka kimetiwa kiraka juu yake, kila kimoja kimefungwa kwa vijiribiti, yani vijimsumari vya kugongea, vya shaba walivyovikata wenyewe. Mimi nimekaa na mafundi wa majahazi hapa Amu (Lamu) tangu utoto, nilipoziona zile picha nilijua mara moja huyu si mtu wa kubahatisha, ribiti zimepangwa kwa nafasi sawa, huyu ni fundi. Na moto hawakuuacha uzimike miaka yote ile, na nguo walisuka kwa manyoya ya ndege. Nyumba wakajenga kwa mawe ya matumbawe, na kwao Madagascar mawe yalikuwa ya makaburi, nyumba ya mtu aliye hai haijengwi kwa mawe, kwa hiyo walikaa wakajadiliana wakaamua, hapa hakuna mti na kimbunga kinakuja, tujenge. Mtoto wa pwani hii anayelala kwenye nyumba ya matumbawe ataielewa hiyo bila kuelezwa sana.

Minyororo usiondoe. Weka mmoja. Lakini usiwe ndo kitu cha kwanza wanachokutana nacho mlangoni, manake mnyororo uliundwa na mhunzi wa bwana, unamweleza bwana. Viraka vya ile bakuli vimetiwa na mtumwa mwenyewe.

MwanaKaya254

Nakubaliana na Nahodha mia kwa mia na naongeza kimoja ambacho dada huhitaji hata picha, unacho hapo Malindi. KAYAMBA.

Sisi Wagiriama tunaitumia harusini, kwenye ngoma za pepo, nyanya yangu alikuwa akiitikisa mpaka alfajiri. Sasa nenda Réunion, ngoma yao kubwa ni maloya, na ala yake ni hiyo hiyo, wanaiita kayamb, mabua membamba yamepangwa bapa yamefungwa, ndani mbegu ngumu, inashikwa kwa mikono miwili inatikiswa huku na huku. Huku kwetu tunatumia mabua ya porini na wao wanatumia mabua ya ua la muwa, kwa sababu muwa ndo uliokuwa umewazunguka. Hebu fikirieni hilo jamani, mtu katolewa kwao hana hata nguo, anafika shambani anakata bua la ule mmea ule ule unaomuua kwa kazi, anaufanya ala ya kuitia wazee wake. Mpaka leo Réunion wana ibada ya mababu, wanaiita servis kabaré, na maloya inapigwa humo. Wakubwa wa serikali waliibana ile ngoma miaka na miaka, na mwaka 2009 UNESCO ikaiingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu.

Na usisahau sheria. Ile Code Noir ya Wafaransa ya 1685, iliyotungwa kwa ajili ya visiwa vya Karibi, ilikataza watumwa wa mabwana tofauti kukusanyika mchana au usiku, hata kwa harusi. Mwaka 1723 zikatolewa sheria za sampuli hiyo kwa Bourbon na Île de France. Kwa hiyo kayamba kwenye meza yako iweke karibu na hiyo sheria, mtoto asome mwenyewe alafu umpe ala aitikise. Mimi nina moja ya zamani nitawaletea, ila naomba irudi salama.

Mzalia_Mtoro

Yote mazuri lakini nina neno na msinichukulie vibaya. Mkiandika Wafaransa, Wafaransa, mtoto atatoka hapo akidhani meli ilitokea tu baharini ikabeba watu ufukweni. Nani alikuwa akiwauza? Mwaka huo huo wa 1776 aliotaja Nahodha, mwezi wa Septemba, mfanyabiashara wa Kifaransa Jean-Vincent Morice aliandikiana mkataba na sultani wa Kilwa, watumwa 1000 kila mwaka, piasta (sarafu za fedha za wakati ule) ishirini kwa kila kichwa, na sultani apate zawadi ya piasta mbili juu ya kila mtu. Yani miezi miwili tu kabla ya wale wanawake saba kuokolewa Tromelin, huku Kilwa watu wanaandikiwa bei. Na waliokuwa wakiwatoa bara kuwaleta pwani walikuwa watu wa huku huku kwetu.

Na Malindi yenyewe je? Mji huu ulifufuliwa miaka ya 1860 chini ya Sultani Majid wa Zanzibar kwa mashamba ya mtama na simsim, na waliolima ni watumwa. Waliotoroka wakajijengea mji wao Fuladoyo huko bara. Utumwa haukufutwa kisheria pwani ya Kenya mpaka 1907, wakati Réunion walishaachiwa tarehe 20 Desemba 1848, watu kama 60,000 kwa siku moja, na mpaka leo ni sikukuu yao. Kuna familia hapa Malindi na huko Lamu mpaka sasa zikiulizwa asili yao zinanyamaza. Mimi ni wa familia kama hiyo na sitaki kunyamaza tena. Naomba meza moja iwe ya Fuladoyo.

Nahodha_Amu

@Mzalia_Mtoro umesema kweli ndugu yangu na hilo la Kilwa lazima liwepo, tena mezani mbele. Huku Amu wazee wengine hawatapenda, lakini wasiopenda waje tuzungumze.

MamaZuhura_Reunion

Habari za huko nyumbani. Mimi ni wa Malindi nimeolewa Réunion, nishazoea huku sasa. Kama wanao wanataka kuona picha za mahali, tafuteni Musée de Villèle, ni nyumba ya shamba ya familia ya Desbassayns huko Saint-Gilles-les-Hauts, yule mama Ombline Desbassayns alikuwa na mamia ya watumwa na alifariki 1846, miaka miwili tu kabla watu kuachiwa. Mimi nilipoingia zamani, vyombo vya mezani vya mabwana vilikuwa vimehifadhiwa vizuri sana, china ya maua maua, na vya watumwa wenyewe ni vichache mno kwa sababu hawakuachiwa kumiliki. Code Noir ilishawaandika kuwa wao wenyewe ni mali ya kuhamishika, sasa mali itamiliki nini. Kwa hiyo dada, utakapoona vitu vyao ni haba usidhani hawakuwa navyo akilini. Hata hilo liandike kwenye karatasi ukutani, waelezwe kwa nini meza ya bwana imejaa na ya mtumwa ina kayamba na bakuli moja.

Nina vidio ya maloya ya tarehe 20 Desemba nilirekodi mwenyewe mtaani, nitaituma usiku intaneti ikitulia. Kuna bibi kizee hapo anatikisa kayamb, mtamdhania wa Ganda hapo karibu na Malindi.

BintiWaShella_Malindi

Allah awalipe wote, sikutarajia majibu ya namna hii. Nimeshabadilisha mpangilio. Mlangoni kayamba ya MwanaKaya na karatasi ya sheria pembeni, na watoto wataitikisa. Pili bakuli za Tromelin, nitachapisha ile yenye viraka vingi kabisa, na nitamwomba fundi wa hapa aje na kipande cha shaba awaonyeshe watoto ribiti inavyopigwa. Tatu Kilwa na Morice, piasta ishirini kwa mtu, pamoja na ile picha ya La Marie-Séraphique na mnyororo mmoja. Mwisho Fuladoyo.

@Mzalia_Mtoro, hiyo meza ya Fuladoyo naomba uje uisimamie wewe mwenyewe uongee na watoto, kama wazee wako wataridhia. Nitakutumia tarehe hapa hapa skuli ikishathibitisha.

Mzalia_Mtoro

Nitakuja. Na mamangu pia amesema atakuja.