Fedi, dro au mpira ulionyooka: mnachagua vipi pigo la kuingia grini?

Mwanagofu16
Wakuu, salaam. Nacheza gofu kwa mkono wa kulia, handikapu 16 (kipimo cha uwezo, ikiwa ndogo ndiyo bora), mwaka wa sita huu. Mpira wangu wa asili ni fedi: nikiwa na fimbo ya aironi 7 unaanza kushoto ya bendera, halafu unarudi kulia yadi sita hadi nane. Sikufundishwa na mtu, ulizaliwa hivyo.

Wiki iliyopita nilipangwa na jamaa ambaye kila bendera ina pigo lake. Ikichomekwa nyuma kushoto anapiga dro (mpira unaopinda kushoto, si dro ya bahati nasibu), ikikaa kulia nyuma ya bunka la mchanga anapiga fedi. Nilimaliza mashimo 18 nimenywea.

Naona njia tatu. Nibaki na fedi popote pale, au nijifunze dro niwe nachagua kufuatana na bendera, au niachane na yote nitafute mpira ulionyooka. Nazungumzia pigo la kuingia grini tu, yale majani mafupi yenye shimo na bendera, kati ya yadi 120 na 180. Ya kwenye tii, pa kuanzia shimo, tuyaache.

KediMstaafu
Hiyo ya kunyoosha ifute leo leo. Nimebeba mifuko ya watu miaka mingi, na mpira ulionyooka kwa makusudi nimeuona mara chache sana. Mingi iliyonyooka ilikuwa fedi au dro iliyokataa kupinda.

Piga hesabu. Grini ina upana wa yadi 30. Ukilenga katikati na hujui mpira utageukia wapi, una yadi 15 kila upande. Ukiwa na hakika kwamba wako haupindi kushoto, unauanzisha ndani kidogo ya ukingo wa kushoto, na karibu upana wote wa grini unabaki kuwa wako. Ukigoma kupinda, uko kwenye grini. Ukipinda kawaida, unasogea kuelekea katikati. Ukizidisha kidogo, bado uko kwenye grini.

Bingwa wa zamani Ben Hogan alihangaika na huki, yaani dro iliyozidi, miaka mingi. Alipohamia kwenye fedi ndipo mataji makubwa yakamiminika, na mwaka 1953 pekee alichukua matatu. Jack Nicklaus naye alipenda fedi, ana 18. Lee Trevino alikuwa na utani wake kwamba fedi unaweza kuongea nayo, ila huki haisikilizi mtu.

HukiSugu
Mzee, hapo umenigusa mimi mwenyewe. Mimi ni wa dro tangu nishike fimbo na siombi radhi. Inakwenda mbali zaidi na inakaa chini.

Ila kwa pigo la grini nitasema ukweli. Wengi wetu tukipiga dro tunaufunga uso wa fimbo kidogo, hivyo mpira unaondoka chini, spini (mzunguko wa mpira) inapungua, ukitua unakimbia. Grini ikiwa laini hakuna shida. Ikiwa ngumu na nimeshika aironi 5, natua katikati halafu nautazama ukitokomea nyuma. Wa fedi mnashuka wima zaidi, mnasimama. Hapo nawaonea wivu.

Na zikiharibika haziharibiki sawa. Fedi ikizidi inakuwa slaisi, inapungukiwa urefu, unaikuta pembeni. Huki inakimbia hadi mipaka ya uwanja.

BiWedji
Kabla ya kuchagua, tuelewane mpira unapinda kwa nini. Zamani tulifundishwa kwamba mpira unaanza kule fimbo inakosafiri, kisha unapinda kuelekea uso ulikoangalia. Rada za kupima mapigo zimeonyesha kwamba nusu ya kwanza ilikuwa kinyume: sehemu kubwa ya mwanzo wa mpira inatokana na uso wa fimbo. Mpindo ndio unaotokana na tofauti kati ya uso na njia ya fimbo.

Ndiyo maana wengi wakijaribu fedi wanaangukia bunka la kulia. Wanaelekeza uso kwenye bendera, wanapitisha fimbo kushoto. Mpira unaanza kwenye bendera halafu unaiacha. Kwa fedi inayorudi kwenye bendera, uso uangalie kushoto ya bendera, na njia iende kushoto zaidi ya uso.

Jambo la pili: kadiri uso wa fimbo unavyolala ndivyo fimbo inavyokataa kupindisha. Wedji, fimbo ya karibu yenye uso uliolala sana, inaupa mpira spini nyingi ya kurudi nyuma, kwa hiyo tofauti ileile ya uso na njia haiupindishi kama aironi 5. Kwa hiyo yadi zako 120, mwanangu, kama unazipiga kwa wedji usijisumbue na mipindo.

Halafu angalia miguu yako. Mpira ukiwa juu kuliko nyayo, kwa wa mkono wa kulia unavutwa kushoto. Ukiwa chini, unakwenda kulia. Kwenye rafu, penye nyasi ndefu, majani yanaingia kati ya mpira na uso, spini inapungua, hata ile fedi yako unaweza usiione. Mara nyingi ardhi imeshakuchagulia, wewe unabishana nayo tu.

UpepoMkali
Nyote mnaongea kama vile hewa imelala. Upepo unatoka kushoto, bendera iko kulia, kulia kwake kuna maji. Mwenye fedi peke yake anafanyaje hapo? Fedi na upepo vikishikana mkono, mpira unakwenda kuogelea. Mwenye dro anaulaza dhidi ya upepo, vinasukumana, mpira unakwenda karibu umenyooka na kushuka taratibu. Unapungukiwa urefu, basi chukua fimbo moja zaidi, yaani inayofika mbali kuliko hiyo. Na upepo ukiwa wa usoni, kila mpindo unaongezeka.

Pigo moja ni la siku za utulivu.

KediMstaafu
Upepo, sikatai. Ila kwa handikapu 16, ni lipi rahisi: kulenga yadi 15 zaidi kushoto, au kuchomoa dro aliyoijaribu mara mbili maishani huku maji yanamtazama? Tiger Woods anajulikana kwa mapigo tisa, vimo vitatu vya mpira mara mipindo mitatu. Wangapi humu tuna hata moja la uhakika?

UpepoMkali
Ndiyo maana nasema ajifunze sasa, kabla ya maji.

Shoto
Mimi napigia kushoto, kila mnachosema nakigeuza kichwani kama gloves zangu. Lakini mnasahau kitu: makosa hayaendi kulia na kushoto tu. Yanakuwa mafupi na marefu pia.

Chukulieni shimo la 12 pale Augusta, uwanja wa shindano la Masters. Grini imekaa mshazari, upande wa kushoto uko karibu, wa kulia uko mbali, na kijito cha Rae's Creek kinapita mbele. Wa mkono wa kulia akikosea kulia, mara nyingi unakuwa mfupi pia: majini. Akiuvuta kushoto unakuwa mrefu: nyuma ya grini. Makosa yake yanakata grini kama msalaba. Yetu sisi wa kushoto yamelala sambamba nayo. Tangu 2003 hadi 2014 wa kushoto tulivaa koti la kijani la bingwa wa Masters mara sita: Weir moja, Mickelson matatu, Watson mawili. Sisemi ni shimo hilo moja lililowapa, ila halikuwachukia.

Kwa hiyo swali si "fedi au dro" tu. Grini yenyewe imelala vipi ukilinganisha na makosa yako?

Na BiWedji, shikamoo, lakini Bubba Watson mwaka 2012, mchujo wa Masters, shimo la 10, katikati ya misonobari, aliupindisha kwa wedji hadi grini!

BiWedji
Marahaba. Sikusema wedji haipindi kabisa, nilisema inakataa. Watson aliilazimisha kwa kuufunga uso mno na kuupunguzia mlalo, na hakuwa na mlango mwingine wa kutokea pale. Wewe una ferwei nzima, njia ya nyasi zilizokatwa, mbele yako.

Tena msikuze mambo. Hata wachezaji wa kulipwa wa PGA Tour, kutoka yadi 150 na kuendelea, kwa wastani wanaiacha bendera zaidi ya futi 20. Profesa Mark Broadie alipochambua mapigo yao alikuta takriban asilimia 40 ya wanachowazidi wenzao kinatoka kwenye mapigo ya kuingia grini. Kinatoka hapo, na bado ni futi 20! Anayeifukuzia bendera iliyojificha kwenye kona anafukuzia kitu ambacho hata wao hawakipati.

Mwanagofu16
Nimerudi, siku kumi baadaye. Nilikwenda mazoezini na aironi 7, nikaweka alama ya duara la ukubwa wa grini, nikapiga mipira 20 kwa kila njia.

Fedi: 13 ndani. Saba nje, na sita kati ya hiyo ilikuwa kulia. Kunyoosha: 10 ndani, mingine imesambaa pande zote kama kuku waliotishwa. Dro: 7 ndani, na huki mbili sikuziona zilikotua.

Lakini kilichonishangaza ni alichosema Shoto. Ile sita ya kulia yote ilikuwa mifupi pia, yadi kumi hivi. Miaka sita nimekuwa nachagua fimbo kwa kukumbuka pigo langu bora kabisa, lile linalotokea mara moja kwa raundi. Jumamosi nilichukua fimbo moja zaidi kila pigo la grini, fedi ileile, nikiuanzisha ndani ya ukingo wa kushoto. Bendera za nyuma kushoto nimeziacha zikae huko, natua katikati nahangaika na pata, fimbo ya kusukumia mpira shimoni.

Nilipata grini nane. Kawaida yangu ni nne.

HukiSugu
Safi sana. Mimi naendelea na dro yangu lakini hongera.

UpepoMkali
Upepo wa Jumamosi ulikuwaje?

Mwanagofu16
Haukuwepo.

UpepoMkali
Haya. Utatuambia ukivuma.