Likelemba yetu inataka tuonyeshane mahali tulipo mchana kutwa. Je, ni haki?

Muuza vitenge, soko la Kenya
Ndugu zangu wa Lubumbashi, hapa Kongo, naomba shauri kutoka soko letu la mtaa wa Kenya. Katika likelemba yetu, kundi la kuchanga fedha ambapo kila mmoja hupokea mchango wote kwa zamu, tuko wanawake 12. Tangu mwenzetu mmoja ahame mji baada ya kupokea zamu yake, imeamuliwa kwamba kila mmoja awashe mahali alipo katika kundi la WhatsApp, tangu asubuhi hadi tunapofunga meza. Nilikubali, kwani hasara ile niliibeba na mimi. Lakini wiki iliyopita nilikwenda hospitali mara tatu kwa jambo ambalo hata mama yangu mzazi sijamwambia, na jioni mwenzangu akaniuliza mbele ya wateja ninaumwa nini. Nikizima nitaitwa mwizi. Nikiiacha ikiwaka, sina tena siri hata ya mwili wangu.

Fundi wa simu, Katuba
Mama, pole sana. WhatsApp huonyesha mahali kwa dakika 15, saa 1 au saa 8, kisha hujikata. Una haki ya kusitisha hata kabla ya hapo. Usidharau kilichokupata. Mwaka 2013 Yves-Alexandre de Montjoye na wenzake walichapisha uchunguzi wa kumbukumbu za simu za watu milioni 1.5 kwa miezi 15, wakaona kwamba kujua mahali na saa mara nne tu kunatosha kumtofautisha mtu na wengine wote, kwa watu 95 katika kila 100. Na kumbukumbu zile hazikuwa na majina, ilhali kundi lenu lina majina na sura zenu. Ukipata nafasi, fungua pia mipangilio ya simu uone ni programu zipi zinazosoma mahali ulipo: ya tochi inakutafutia nini?

Mweka hazina, Ruashi
Dada, mimi ninawaelewa wenzako, maana fedha ya likelemba ni karo ya watoto na mtaji wa meza. Hata hivyo, njia waliyochagua hailindi kitu, kwa sababu anayetaka kutoroka ataiacha simu nyumbani kwa jirani na kupanda gari la Kasumbalesa, kule mpakani, huku ramani ikimwonyesha yuko kitandani. Kwetu mgeni hupokea mwisho, na anayeomba zamu ya mapema huja na mdhamini anayejulikana kwake hadi mlangoni. Tulichohitaji kujua ni nyumba ya mtu, si nyayo zake.

Mwanafunzi wa sheria
Ibara ya 31 ya Katiba yetu ya Kongo ya 2006 inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa maisha yake ya faragha. Nakuomba uwaulize pia kama ruhusa iliyotolewa kwa kuogopa kuitwa mwizi ni ruhusa kweli.

Muuza vitenge, soko la Kenya
Asanteni sana. Nimezima leo saa sita. Jumapili, kabla ya kuchanga, nitapeleka pendekezo la mdhamini, na dada yangu mkubwa amekubali kusimama kwa ajili yangu.