Uso wa gitaa unalia "dup", nipunguze mataruma?

Wakuu, naunda gitaa langu la pili la nyuzi za chuma. Uso ni mbao ya sprusi niliyobandua kwenye piano bovu, unene milimita 2.8. Kabla ya kugundisha mataruma ya ndani (fito za mbao za kuimarisha uso), ukiugonga unavuma. Sasa X (mataruma mawili makuu yanayopishana) imekaa, kimo milimita 16, unalia "dup" kama mlango wa kabati. Nirande, au nifunge tu boksi? Lile la kwanza nilikwangua kwa pupa, tumbo likafura nyuma ya daraja (kipande cha usoni kinachoshika nyuzi) kabla ya miezi 2.

FundiRanda: Usifunge! Punguza kimo, si upana. Kimo kikibaki nusu, ugumu unabaki thumuni. Toka 16 hadi 14 tu, theluthi ya ugumu imekwenda. Ndiyo maana lile lilifura. Anzia kwenye ncha, makutano ya X usiyaguse. Nyuzi zinavuta kama kilo 70. Randa mara mbili tatu, ushike ukingo kwa vidole viwili, ugonge pale daraja litakapokaa.

Muulizaji: Ncha nimezishusha, limeanza "duum". Nikanyunyiza majani ya chai (mke wangu kanuna), nikaweka spika chini yake. Upande wa besi yanacheza, upande wa pili yamelala.

FundiRanda: Weka randa chini kwanza. Pitisha karatasi chini ya taruma la upande huo.

Muulizaji: Imepenya. Sentimita 3 nzima hazina gundi.